Mwakitolyo: Vitofali vya Rangi Katika Nchi ya Dhahabu

Mtu akitaja Mwakitolyo mbele ya wenyeji wa Shinyanga, neno la kwanza linalowajia ni dhahabu. Ndivyo ilivyo kwa Kahama, kwa Bulyanhulu na kwa Geita: ukanda wote huo wa kusini ya Ziwa Victoria unajulikana kwa mawe yake. Sisi tulikwenda kwa sababu nyingine. Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa, ambacho wawili kati yetu ni wauguzi, kiliombwa kuzungumza na wazazi juu ya afya ya watoto wadogo. Tulirudi na habari za afya, na pia habari za michezo. Tumeona tuwaletee zote mbili kwa pamoja, kwa maana kule Mwakitolyo hazitengani.

Njiani

Kutoka Shinyanga mjini tulielekea upande wa Solwa. Kilikuwa kiangazi. Udongo mweusi wa mbuga ulikuwa umepasuka nyufa za kuingiza mkono, pamba ilikwisha kuvunwa, na makundi ya ng'ombe yalikatiza barabara bila haraka yoyote. Kila tuliposimama tuliwatazama watoto. Wengine walikuwa na vigari vya mabua ya mtama, wengine vya waya, na magurudumu yamekatwa kutoka kwenye soli za kandambili. Chini ya mti mmoja wavulana wawili walikuwa wamefinyanga zizi zima la ng'ombe wa udongo, wenye nundu na pembe, na ndama wao pembeni. Hakuna aliyewanunulia kitu. Tuliyaweka hayo moyoni, maana yalitusaidia kuelewa tuliyoyaona baadaye.

Kadiri tulivyokaribia Mwakitolyo tulianza kusikia makarasha, yaani zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mlio wake ni wa mfululizo, na baada ya saa moja mgeni huacha kuusikia. Kata hii ni ya Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, na wenyeji huyataja maeneo ya machimbo kwa namba: huyu anafanya kazi namba mbili, yule namba tano. Utaona vibanda vya mabati na maturubai, viroba vya mawe vimepangwa kama magunia ya mpunga, akina mama lishe na masufuria yao, wauza simu, wauza mitumba. Nyuma ya hayo yote yako maduara, mashimo marefu ya kwenda chini, ambayo kuta zake hushikiliwa na magogo yanayoitwa matimba.

Mji ulio juu ya meza

Tulipokelewa na mama mmoja aliyepita miaka hamsini, muuza nguo za mitumba za watoto. Tulimwamkia "Mwadila," naye akafurahi kwamba wageni wanajua salamu ya Kisukuma. Alitukaribisha ndani tunywe chai, na hapo ndipo tulipouona mji wake.

Ulikuwa juu ya meza ndefu ya mbao kando ya kitanda. Kulikuwa na nyumba, lori, zahanati yenye msalaba mwekundu, karasha, na duara lililokatwa ubavu ili mtazamaji aone ndani. Vyote vilijengwa kwa vitofali vya plastiki, vile vyenye vinundu juu, ambavyo watoto wa mijini hupewa kuchezea. Hakuna aliyemletea kama zawadi. Katika marobota ya mitumba ya watoto huwa mnachanganyika vitu vya kuchezea, na vitofali hivyo vilitoka kimoja kimoja, kingine ndani ya mfuko wa suruali. Kwa kuwa kimoja hakiuziki, alivitupia katika kopo la maziwa ya unga. Kopo lilipojaa, usiku mmoja alikaa chini ya taa ya sola akajaribu kuvishikamanisha. Akajenga nyumba yenye mlango. Hiyo ni miaka tisa iliyopita, na hajaacha.

"Ni vingapi sasa, mama?" tulimwuliza.

"Dada zangu, sivihesabu. Napima kwa makopo. Nina makopo manne na nusu."

Vinavyokosekana hujitengenezea. Mkanda wa karasha lake umetoka kwenye ugwe wa kandambili. Matimba ya lile duara ni njiti za mshikaki. Magurudumu ya lori ni vifuniko vya chupa, vilivyotobolewa kwa waya uliotiwa moto. Kitofali cha rangi asiyoitaka hukipaka rangi ya kucha, na kipande asichonacho hukichonga kwa kisu kutoka kwenye soli ya kiatu, kisha hukigandisha kwa gundi ya fundi viatu. Ni kazi ya mtu mzima mwenye subira.

Majirani walimcheka mwanzoni. Walisema mama amerudi utotoni. Alitueleza jibu alilowapa: "Wanaume wanacheza drafti kwa visoda kuanzia asubuhi mpaka giza. Nani amewaambia wamerudi utotoni?" Tulicheka, lakini kwa hakika neno hilo lina uzito. Wazee wa Kisukuma wanacheza isolo, bao la mashimo na kete, na hakuna anayewadharau. Mchezo wa mtu mzima si jambo geni kwetu. Kilicho kigeni ni kumwona mama akiwa na mchezo wake. Sisi akina mama tumezoea kwamba muda wetu wa mapumziko ni ule wa kuchambua mboga.

Vilikotoka vitofali hivi

Msomaji angependa kujua asili ya kitu hiki. Katika mji mdogo wa Billund nchini Denmark aliishi seremala aliyeitwa Ole Kirk Christiansen. Mwaka 1932, wakati wa hali ngumu ya uchumi duniani, kazi za ujenzi zilikauka, naye akaanza kutengeneza vitu vya mbao vya kuchezea watoto. Mwaka huo huo mkewe alifariki na kumwachia wavulana wanne. Mwaka 1934 alikiita kiwanda chake LEGO, jina lililofupishwa kutoka maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya "cheza vema".

Husimuliwa kwamba mwanawe Godtfred, akiwa kijana, alipaka bata wa mbao vanishi mara mbili badala ya tatu, kisha akajisifu kwa baba yake kuwa amebana matumizi. Baba alimtuma stesheni akawachukue bata wote, awapake mara ya tatu na kuwafunga upya, usiku huo huo. Mzazi mwenye busara ataona mafunzo hapo.

Vitofali vya kwanza vya plastiki vilitoka mwaka 1949, lakini havikushikana vizuri. Tarehe 28 Januari 1958 Godtfred alipeleka ombi la hataza ya umbo tunalolijua leo: vinundu juu, na vijibomba ndani ya uwazi wa chini. Kinundu hubanwa kati ya kijibomba na ukuta, ndiyo maana kitofali hushika bila gundi na huachia mtoto akivuta. Kitofali cha mwaka 1958 kinaingia katika cha leo. Wataalamu wa hesabu wamekokotoa kwamba vitofali sita tu vya rangi moja, vyenye vinundu vinane kila kimoja, vinaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765 tofauti.

Watu wazima nao hawakubaki nyuma. Nathan Sawaya, mwanasheria wa New York, aliacha kazi ya sheria akawa msanii wa kujenga sanamu kwa vitofali hivi, na tangu mwaka 2007 maonyesho yake yamezunguka nchi nyingi. Mwaka 2020 kampuni ilianza kuandika 18+ juu ya maboksi yaliyokusudiwa watu wazima. Mwaka 2022 ilitoa mnara wa Eiffel wenye vipande 10,001. Watu wa namna hiyo hukusanya, hujenga, hubomoa, hubadili rangi na kuongeza vipande vyao wenyewe, sawasawa na mama wa Mwakitolyo, isipokuwa yeye hana duka la kuvinunua.

Hata hilo la kujenga kwa plastiki iliyotupwa si la Mwakitolyo peke yake. Kisiwani Lamu, fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake walijenga jahazi la plastiki iliyookotwa, wakalifunika kwa kandambili 30,000 za rangi zote. Liliitwa Flipflopi. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Wale waliodhani ni mchezo walikuta ni mahubiri juu ya takataka za baharini.

Somo la duara

Jioni tuliona faida ya mji ule. Watoto wa jirani walikuja mmoja mmoja wakakaa kwenye mkeka, kila mmoja akipewa kikombe kimoja cha vitofali. Kisha wakaja na wakubwa. Kijana mmoja anayeshuka maduara aliinama juu ya lile duara la mezani, akasema matimba yamekaa mbalimbali mno, hapo udongo ungeshuka. Akaomba njiti, akayapanga upya, huku akiwaeleza watoto kwa nini ukuta husukuma ukiloa maji.

Fundi mwashi aliyekuwepo naye akawaonyesha jambo la matofali. Alijenga ukuta wa vitofali vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, maungio yote katika mstari mmoja. Aliusukuma kwa kidole, ukagawanyika. Kisha akajenga wa pili, kila kitofali kikikalia maungio ya viwili vya chini. Huo haukuvunjika. Mtoto wa miaka saba aliyeona hayo hataambiwa tena.

Katika nchi ya machimbo somo hilo si dogo. Watu wa huko wanakumbuka mwaka 2015, wachimbaji watano walipotolewa wakiwa hai katika mgodi wa Nyangarata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mwenzao mmoja alifia humo.

Ubao wa kijani

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Mwenyeji wetu alitutolea kutoka uvunguni ubao mpana wa plastiki wa kijani, wenye vinundu vingi, na juu yake ukuta wa nyumba iliyojengwa nusu. Ndio ubao pekee wa namna hiyo aliowahi kuupata. Alitaka kujua kama anaweza kuuosha autumie tena.

Alitueleza kwamba wiki mbili kabla, mvulana wa jirani alikuja na kichupa kutoka kwao. Baba yake huchenjua dhahabu, na ndani ya kichupa kulikuwa na zebaki. Mvulana aliimimina juu ya ubao. Kila aliyewahi kuiona zebaki anajua inavyopendeza: ilijigawa katika shanga za fedha, zikakimbia kati ya vinundu, zikakutana, zikaachana. Watoto wote walishangilia. Walikuwa wakiisukuma kwa vidole wakati mama huyu alipoingia kutoka sokoni. Aliwatoa nje, akakiziba kichupa, akaufunga ubao katika mfuko na kuuweka mbali na watoto mpaka apate wa kumwuliza.

Tulimweleza tunayoyajua kama wauguzi. Zebaki haiui papo hapo kama nyoka, na ndiyo maana watu huizoea. Hutoa mvuke usio na rangi wala harufu, hata bila kuchomwa. Ikichomwa juu ya jiko mvuke huwa mwingi zaidi. Mvuke huo huingia mapafuni, na kutoka hapo hufika kwenye ubongo na figo. Mtu huanza kutetemeka mikono, kusahau, kukosa usingizi, kuwa na hasira bila sababu. Mtoto hudhurika zaidi kwa kuwa ubongo wake bado unakua, na mama mjamzito anaweza kumfikishia aliye tumboni.

Matone yake madogo kuliko jicho linavyoona hujificha katika nyufa. Vitofali vile vina uwazi na vijibomba chini, na hapo tone linaweza kukaa miezi. Tulimwambia ubao ule na ukuta wake visirudi mezani. Alinyamaza. Akaugeuza mara mbili mikononi kama mtu anayetazama kitambaa kizuri chenye tundu. Kisha akasema, "Basi. Watoto ni wengi kuliko ubao." Tuliufunga katika ndoo yenye mfuniko, yeye akaupeleka kwa afisa afya aelekezwe namna ya kuutupa.

Haya si ya nyumba moja. Mwezi wa Agosti 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto katika machimbo madogo ya Geita, Kahama na Chunya, na ilieleza habari za watoto walioshika zebaki kwa mikono mitupu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020. Jina hilo ni la mji wa Japani ambako watu wengi walidhurika kwa kula samaki wenye sumu hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kumpa mtoto kazi ya hatari, na machimbo yamo. Lakini sheria haikai sebuleni. Mama ndiye anayekaa.

Na tuseme ukweli: mtoto asiye na cha kuchezea Mwakitolyo atachezea kilichopo. Kilichopo ni mawe, mashimo yenye maji, vichupa vya zebaki na madumu ya dawa za kuchenjulia. Mwenyeji wetu hadai kwamba vitofali vimewatoa watoto wote machimboni. Mjukuu wake mwenyewe bado huponyoka siku nyingine kwenda kwenye mialo ya kuoshea mchanga. Ila siku nyingi yuko mezani, na bibi yake anajua aliko.

Ushauri wetu kwa mama mwenye watoto

Iwe unavyo vitofali vya plastiki, iwe unatengeneza vigari vya makopo, zingatia haya.

Kwanza, tumia taka za jikoni, kamwe si za machimboni. Kifuniko cha soda, kopo la maziwa na kandambili ni vyema. Dumu, chupa au mfuko uliotoka kwenye mtambo wa kuchenjulia usiingie nyumbani, hata ukioshwa mara kumi. Betri kuukuu nazo zisichezewe.

Pili, osha vya mitumba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha anika kivulini. Maji yanayochemka huvipinda, na vikipinda havishiki tena.

Tatu, asiye na miaka mitatu asipewe vipande vidogo. Kipimo rahisi ni kile kibomba cha karatasi cha ndani ya karatasi ya chooni: kinachopita humo kinaweza kumkaba mtoto.

Nne, mtoto akikabwa na hawezi kulia wala kukohoa, usimwingize kidole kooni kwa kubahatisha, maana utakisukuma ndani. Mwenye umri chini ya mwaka mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko mwili, umpige mara tano katikati ya mabega kwa kiganja. Kisha mgeuze chali umkandamize mara tano katikati ya kifua kwa vidole viwili. Aliyezidi mwaka mwinamishe, mpige mgongoni mara tano. Kisha simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, uvute ndani na juu mara tano. Rudia mpaka kitoke, huku mwingine akitafuta usafiri. Akizimia, mlaze chali mahali pagumu, uanze kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi.

Tano, zebaki ikimwagika, toa watoto nje na ufungue milango. Usifagie, kwani ufagio huitawanya. Vua pete ya dhahabu, maana zebaki huishika. Ikusanye kwa karatasi ngumu, uitie katika chupa yenye maji kidogo, uifunge. Usiitupe chooni wala motoni. Mwone afisa afya.

Sita, na hili ni la mama mwenyewe: kaa uchezeshe mikono yako. Si lazima viwe vitofali vya Denmark. Wengine hufuma, wengine hushona wanasesere wa vitambaa, wengine hufinyanga. Mtoto anayemwona mama yake akitengeneza kitu kwa furaha hujifunza kwamba kazi ya mikono si adhabu. Naye mama hupata saa moja ambayo hakuna mtu aliyemtuma.

Usiku ule tulipoaga, vitofali vyote vilikuwa vimerudishwa katika makopo kwa rangi zake, nyekundu kwa nyekundu. Ni watoto waliovipanga bila kuhimizwa, kwa kuwa asiyepanga kesho yake hapewi kikombe. Mama mwenye nyumba alikuwa ameanza kupima kipande cha mbao ya mninga kifanye kazi ya ule ubao wa kijani. Tulimwambia "Wabeja sana," asante sana. Kwenu wasomaji tunaomba jambo moja tu: kabla ya kulala leo, tazameni kile ambacho mtoto wenu amekuwa akichezea mchana kutwa, na mjue kilitoka wapi.